Barua ya Wazi kwa Waswahili wa Uskoti juu ya Kura ya Pili ya Uhuru

Kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili, wake kwa waume, wenye maskani Glasgow, Edinburgh, Dundee, Aberdeen na kwingineko katika nchi ya Uskoti, ambao majina yao yamo katika daftari la wapigakura.

Barua hii nimeiandika kwa sababu liko suala moja lisilokosa kuzuka kila tukutanapo, iwe ni arusini, iwe ni katika hitima ya marehemu wetu, iwe ni mlangoni pa msikiti au pa kanisa baada ya ibada, nalo ni kama Uskoti ipige kura nyingine ya kujitenga na Ufalme wa Muungano, au shauri lililokatwa tarehe 18 Septemba 2014 liachwe kama lilivyo. Wako miongoni mwenu wasemao kwamba watu walikwisha ulizwa wakajibu, na si adabu kumwuliza mtu aliyejibu La mpaka achoke aseme Ndiyo. Na wako wasemao kwamba haki ya taifa haifi kwa kura ya siku moja, kwa hiyo nyingine iitishwe hata mwakani, na ikishindwa iitishwe tena. Baina ya makundi hayo liko la tatu, na aghalabu ndilo kubwa, la wale wasemao kwamba haya ni mambo ya wenyewe, na kwamba sisi tumekuja kutafuta maisha tu.

Nianze na hilo la tatu, kwani nisipolipata hilo maneno yangu mengine yatakuwa ya bure. Mwaka 2014 sheria iliwapa kura si Waskoti wa kuzaliwa peke yao, bali kila raia wa nchi za Jumuiya ya Madola aliyekuwa na ruhusa ya kukaa na maskani yake yakawa huku, hata Mtanzania wa Kariakoo, Mkenya wa Kisauni, Mganda wa Jinja na Mnyarwanda wa Kigali wakapokea kadi zao sawasawa na mzee wa Kiskoti ambaye babu zake wote wamezikwa Perth. Ilhali Mskoti aliyezaliwa Edinburgh akahamia London kwa ajili ya kazi hakupata kitu. Jirani zetu wa Bukavu na wa Bujumbura, ambao nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo, walibaki nje wakitazama. Kisha mwaka 2020 Bunge la Uskoti likatunga sheria iliyoufungua mlango zaidi, hata leo mgeni wa nchi yoyote mwenye kibali halali cha kukaa, pamoja na mkimbizi aliyekwisha kubaliwa, anaweza kuchagua wajumbe wa Bunge hilo lililoko Holyrood. Na mswada wa kura ya pili uliotangazwa mwaka 2022 ulikusudia kulifuata daftari hilo hilo. Wala asidhani mtu kwamba sisi ni wapita njia katika siasa za nchi hii: Humza Yousaf, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti tangu Machi 2023 hata Mei 2024, mamake alizaliwa Kenya. Aliyekabidhiwa amana hawezi kujivua nayo kwa kusema kuwa hakuiomba, seuze amana yenyewe ikiwa ni kura inayoweza kuamua mipaka ya dola.

Naikumbuka karatasi ya siku ile ya Septemba 2014. Ilikuwa na swali moja tupu, iwapo Uskoti iwe nchi huru, na chini yake maneno mawili, Ndiyo na La, kila neno na kisanduku chake. Na katika kibanda cha mbao palikuwa na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi, kana kwamba waliogopa mtu asije akaondoka nayo. Vituo vilifunguliwa saa 1 asubuhi vikafungwa saa 4 usiku, na katika foleni walisimama vijana wa miaka 16 wenye sare za shule, kwa kuwa nao walipewa kura kwa mara ya kwanza. Waliofika vituoni walikuwa 84.6 kwa mia ya walioandikishwa. La zilitoka 2,001,926, yaani 55.3 kwa mia, na Ndiyo 1,617,989. Katika wilaya 32 ni 4 tu zilizokubali uhuru, Glasgow na Dundee zikiwamo. Kesho yake Alex Salmond, Waziri Kiongozi wa wakati huo na kiongozi wa waliotaka uhuru, akatangaza kujiuzulu, na minghairi ya purukushani kidogo pale Glasgow jioni ile, nchi ililala salama.

Mwezi ule ule wa Septemba, kule Dodoma, Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa likijadili muundo wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, baada ya tume ya Jaji Joseph Warioba kupendekeza serikali tatu, na wajumbe wengi wakaelekea kwenye mbili. Katiba iliyopendekezwa ilikuwa ipelekwe mbele ya wananchi kwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Kura ikaahirishwa, na hata leo ninapoandika haijapigwa. Wazanzibari walioko nyumbani waliwahi kuulizwa tarehe 31 Julai 2010 kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na 66.4 kwa mia wakakubali, lakini hilo lilikuwa swali la namna ya kutawaliwa, wala halikugusa kuungana ama kutengana. Kwa hiyo mimi, mtu wa Unguja, niliulizwa juu ya muungano wa watu wengine uliofungwa mwaka 1707 kabla sijaulizwa juu ya muungano wangu mwenyewe uliofungwa mwaka 1964. Nanyi wa Mombasa na Malindi msicheke, maana wazee wenu wa mwaka 1961 walimweleza Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza jambo la Mwambao, rai zao kwa vinywa na kwa barua, wengine wakitaka Mwambao ujitawale na wengine wakitaka uwe pamoja na Kenya, lakini sanduku la kura juu ya jambo hilo halikuwekwa. Oktoba 1963 mkataba wa kuutia Mwambao katika Kenya ukatiwa saini London, na manung'uniko yake yanasikika barazani hata sasa. Sisemi haya kwa kumchongea mkuu yeyote wa kwetu. Nayasema kwa sababu mtu aliyetoka katika nchi ambazo maswali makubwa ya namna hii huamuliwa na watu wachache waliokaa mezani huwa na tamaa mbili zinazopingana anapofika nchi inayoulizana: ama huona kura ni dawa ya kila ugonjwa, ama huiogopa kama fitina. Nimeziona tamaa zote mbili kwenu, nami mwenyewe sikusalimika nazo.

Muungano wa Uskoti na Uingereza, kama mjuavyo, nao raia hawakuulizwa. Taji lilikuwa limekwisha kuwa juu ya kichwa kimoja tangu mwaka 1603, Mfalme James alipourithi ufalme wa Uingereza. Na ilipofika mwaka 1707, makabaila na matajiri wa Uskoti wakiwa wamepoteza mali nyingi katika mradi wa kuanzisha koloni la Darien kule Panama, Bunge lao liliridhia kujifuta kwa mkataba uliotaja malipo ya pauni 398,085 na shilingi 10, ambayo sehemu yake ilikuwa ya kuwafidia waliotia fedha zao katika mradi ule. Mijini watu wakafanya ghasia, lakini mkataba ulipita, na Waskoti wakabaki na mahakama zao, kanisa lao na shule zao.

Sasa niingie katika kadhia yenyewe. Wapinzani wa kura ya pili hulishika neno la Salmond, kwamba fursa ile ilikuwa ya mara moja katika kizazi. Nimeusoma mkataba wa Edinburgh wa tarehe 15 Oktoba 2012, uliotiwa saini naye na David Cameron, Waziri Mkuu wa Ufalme wakati huo, na kizazi hakimo ndani yake. Kilichomo ni ahadi ya kura ya haki, itakayodhihirisha rai ya watu kwa yakini, na matokeo yatakayoheshimiwa na wote. Neno la jukwaani si sharti la mkataba. Walakini si upepo mtupu pia, maana liliandikwa hata katika kitabu ambacho serikali yake ilikitoa Novemba 2013, na mtu aliyelisikia akapiga kura kwa kulitegemea anayo haki ya kukasirika likisahauliwa baada ya miaka miwili au mitatu.

Lakini ilitokea kwamba katika miaka miwili hiyo jambo lenyewe lililopigiwa kura likageuka. Mwaka 2014 waliotetea Muungano waliwaambia watu, na hoja hiyo iliwaingia wengi nikiwamo mimi, kwamba njia ya yakini ya kubaki ndani ya Umoja wa Ulaya ni kusema La. Tarehe 23 Juni 2016 Ufalme wa Muungano ukapiga kura ya kutoka Ulaya kwa 51.9 kwa mia, ilhali katika Uskoti 62 kwa mia walitaka kubaki, na wilaya zote 32, bila ya kukosekana hata moja, zikawa upande huo. Mtu aliyepanga nyumba kwa sababu ya kisima kilichoko uani, kisha mwenye nyumba akakifukia kisima, haambiwi kwamba hati ya kupangia haikutaja maji. Hiyo, kwa rai yangu, ndiyo burhani yenye nguvu kupita zote za wanaotaka kuuliza tena, na sijasikia bado jawabu lake lililonikinaisha.

Hata hivyo, insafu yataka tutazame na upande wa pili. Hesabu za waliotaka Ndiyo zilijengwa juu ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini kuuzwa dola 110 kwa pipa, na siku waliyoikusudia kuwa ya uhuru ilikuwa tarehe 24 Machi 2016. Miezi miwili kabla ya siku hiyo pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Laiti kura ingefuzu, dola changa ingezaliwa na upungufu mikononi, na pengine na sarafu isiyojulikana, kwa kuwa George Osborne, aliyekuwa Waziri wa Fedha kule London, alikwisha kukataa Februari 2014 kushirikiana nao pauni. Basi ikiwa mabadiliko ya mwaka 2016 yanatosha kuwa hoja ya kuuliza tena, kuporomoka kwa mafuta kungekuwa hoja ya nani, kama Ndiyo ingeshinda? Kutengana hakuna kura ya marejeo. Hapa ndipo ninapoachana na ndugu wenye haraka: jambo lisilorudishika halifai kupimwa kwa hali ya hewa ya mwaka mmoja.

Na baada ya mwaka 2016 ukaja mvutano ambao umekula miaka mingi bila ya kuzaa kitu. Machi 2017 Waziri Mkuu Theresa May, alipotakiwa kuruhusu kura ya pili, alisema kuwa huo haukuwa wakati wake. Januari 2020 mrithi wake, Boris Johnson, akakataa kwa barua. Mei 2021 vyama viwili vinavyotaka uhuru vilipata viti 72 katika 129 vya Holyrood, vyote vikiwa vimeahidi kura ya pili waziwazi, na jibu la London halikubadilika. Juni 2022 Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, alitangaza kwamba kura itapigwa tarehe 19 Oktoba 2023, na shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Ufalme. Tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano, wakiongozwa na Lord Reed, walihukumu kwa kauli moja kwamba kura kama hiyo, hata ikiwa ya kutafuta rai tu, inagusa Muungano wenyewe, na Muungano ni katika mambo ambayo sheria ya mwaka 1998 iliyaweka mikononi mwa Bunge la London. Hukumu ile naiona ni sawa kwa sheria ilivyo. Lakini ilitujulisha nani hana ufunguo; haikutujulisha, wala haikuwa kazi yake, raia wafanye nini ili mwenye ufunguo alazimike kufungua.

Mushkili wote umo humo. Waziri Mkuu mmoja anaweza kusema sasa siyo, na mwingine akasema sasa siyo, na kumi wakasema vivyo hivyo, bila ya yeyote kulazimika kutaja ni lini basi, au ni kwa dalili gani. Na kwa kuwa mlango hauna kanuni, chama kinachotaka uhuru nacho hakina cha kukizuia kuugonga kila msimu wa uchaguzi, ikawa uhuru ni tiketi ya kukusanyia kura badala ya kuwa shauri la kukatwa. Alisema Sturgeon kwamba uchaguzi mkuu utageuzwa kura ya uhuru. Ulipofika Julai 2024 chama chake, yeye akiwa ameshaondoka uongozini, kilishuka kutoka viti 48 hata 9 katika Bunge la London. Magazeti ya London yakaandika kwamba suala limekufa. Mimi sikuona mauti humo. Niliona watu waliokiadhibu chama kwa habari za hospitali, za vivuko visivyokwisha kuundwa na za fedha, huku rai zao juu ya uhuru wenyewe, kila zilipopimwa, zikiwa bado zimegawanyika karibu nusu kwa nusu. Nchi iliyo katika hali hiyo haiwezi kutulizwa kwa kukatazwa kuulizwa, na wala haitatulizwa kwa kuulizwa kila mara.

Tena si mbali kutafuta mfano wa kanuni. Katika ufalme huu huu, Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 na sheria yake umeiwekea Ireland ya Kaskazini utaratibu: waziri anayehusika hana budi kuitisha kura ya kuungana na Ireland endapo itamdhihirikia kwamba yaelekea wengi wataitaka, na ikishapigwa, nyingine haiwezi kuitishwa kabla ya miaka 7 kupita. Kasoro yake ni kwamba dalili za kumdhihirikia waziri hazikuandikwa, kwa hiyo ameachiwa kuona apendavyo. Walakini kasoro ya kanuni ni afadhali mara mia kuliko kukosa kanuni, maana kasoro hurekebishwa. Kwa nini watu wa Belfast wawe na mlango wenye bawaba, na watu wa Glasgow wawe na ukuta?

Msidhani kwamba kanuni ni jambo la karatasi tu. Mwaka 1979, tarehe 1 Machi, Waskoti waliulizwa kama wanataka baraza lao la kutunga sheria. Waliokubali walikuwa 1,230,937 na waliokataa 1,153,502, na kwa hesabu ya kila siku hao wa kwanza wameshinda. Lakini Bunge lilikuwa limetia sharti kwamba Ndiyo lazima zifike 40 kwa mia ya wote walioandikishwa, nazo zilikuwa 32.9. Waliobaki nyumbani, waliohama, hata wafu ambao majina yao yalikuwa hayajafutwa, wote wakahesabiwa kama waliosema La. Uchungu wa siku ile ulikaa miaka 18, mpaka Septemba 1997, watu walipoulizwa upya bila ya sharti hilo na 74.3 kwa mia wakakubali, ndipo Bunge la Holyrood likafunguliwa mwaka 1999. Basi mtu akikuambieni kwamba kura ya pili ikubaliwe lakini kwa sharti la theluthi mbili, mwambieni kwamba Ulaya iliachwa kwa 51.9, na kwamba watu hawa wana kumbukumbu ndefu.

Na iko kadhia iliyo karibu nasi zaidi, ya ndugu zetu wa Ngazija. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro viliulizwa na Ufaransa kama vinataka uhuru, na kwa jumla zaidi ya 94 kwa mia wakasema ndiyo; lakini katika kisiwa cha Maore karibu theluthi mbili walikataa. Baada ya hapo Bunge la Ufaransa likaamua kwamba rai ya kila kisiwa itatazamwa peke yake. Kiongozi wa visiwa hivyo, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru wa visiwa vyote tarehe 6 Julai 1975 bila ya kungoja. Na tarehe 8 Februari 1976 Maore ikaulizwa tena peke yake, ikachagua Ufaransa kwa zaidi ya 99 kwa mia. Leo Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa, na baina yake na kisiwa cha Nzwani ni safari ya usiku mmoja kwa vile vyombo vidogo wanavyoviita kwasa, ambavyo vimezamisha jamaa zetu wasiohesabika. Simhukumu mtu wa Maore kwa alilolichagua. Ninalolilaumu ni kipimo kuja kuamuliwa baada ya kura kuhesabiwa. Uskoti nayo ina Orkney na Shetland, ambako mwaka 2014 La zilipindukia 60 kwa mia, na zimekwisha sikika sauti huko zikiuliza kwa nini visiwa vifuate bara. Jambo hilo lijibiwe kabla ya kura, kwa maandishi, siyo baada yake.

Juu ya muda wa kungoja, Quebec katika Kanada imetuachia somo bila ya kukusudia. Waliulizwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1980 wakakataa kwa karibu 60 kwa mia. Wakaulizwa tena tarehe 30 Oktoba 1995, baada ya miaka 15, na safari hiyo tofauti ilikuwa kura 54,288 katika zaidi ya milioni 4.6. Kura ya pili kama ile hakuna aliyeweza kuiita utani. Nacho kisiwa ambacho nahodha Cook alikiita Kaledonia Mpya kwa kukumbuka Uskoti, kilichoko chini ya Ufaransa katika bahari ya Pasifiki, kiliwekewa kura tatu kwa mkataba wa mwaka 1998. Ya kwanza, mwaka 2018, waliokataa uhuru walikuwa 56.7 kwa mia. Ya pili, mwaka 2020, walikuwa 53.3. Ya tatu ikapangwa Desemba 2021, wakati Wakanaki, ambao ndio wenyeji, walikuwa matangani kwa ajili ya waliofishwa na korona, wakaomba iahirishwe, serikali ya Paris ikakataa, nao wakaisusia. Waliofika hawakutimia nusu, na 96.5 kwa mia yao wakasema La. Tarehe ilitimizwa, mkataba ukatimizwa, na Mei 2024 kisiwa kikawaka moto. Naleta habari hizi ili wale wa kwenu wanaodhani kwamba kazi imekwisha pindi tarehe ikipatikana wafahamu kuwa kura inayopigwa na upande mmoja haimfungi mtu.

Basi rai yangu ni hii, nami naitoa kwa uwazi mpate kuipinga. Isipigwe kura ya pili kabla ya Bunge la London na Bunge la Holyrood kuandikiana kanuni, na London isiruhusiwe kuifanya kanuni hiyo kisingizio cha kukaa kimya. Muda kati ya kura na kura uwe miaka 15, ambayo kwa Uskoti yatimia mwaka 2029, maana mtoto aliyezaliwa siku ya kura ya kwanza atakuwa ameukaribia umri wa kuijibu ya pili. Na baada ya muda huo dalili iwe moja, kwamba wajumbe walio wengi katika Holyrood wamechaguliwa kwa kuahidi kura hiyo waziwazi. Ikipatikana dalili, Waziri Mkuu asiwe na hiari. Isipopatikana, chama kisiwe na la kudai. Nusu na moja itoshe, na kura zihesabiwe kwa nchi nzima. Najua watakaosema kwamba huku ni kuwachelewesha Waskoti haki yao, na watakaosema kwamba huku ni kuufanya Muungano uwe wa kukodiwa kila miaka 15. Wa kwanza nawauliza wamepata nini tangu mwaka 2017 kwa kutokuwa na kanuni, na wa pili nawauliza Muungano gani huo unaoogopa kuulizwa mara moja kwa kila rika.

Wagombea hupita milangoni kwenu wakati wa uchaguzi, wenye vitambulisho vifuani na karatasi mikononi, na aghalabu mkiwaona huwajibu kwa tabasamu mkafunga mlango. Nakuombeni msifunge. Mwulizeni wa upande wa uhuru: wako kati yetu wanaotunza wazee katika nyumba za wazee kwa viza iliyotolewa na London, je, siku ya pili ya uhuru viza hiyo ina hukumu gani? Fedha tunazotuma Tanga, Lamu na Goma zinatoka mifukoni mwetu zikiwa pauni, zitakuwa nini? Uskoti ikirudi Ulaya na Uingereza ikabaki nje, mwenye duka wa Glasgow anayechukua mchele na viungo Manchester atasimamishwa wapi njiani, na atalipa nini? Na wa upande wa Muungano mwulizeni swali moja tu, wala msimwachie akimbilie mengine: ni kwa njia gani halali, na kwa dalili zipi, Waskoti wanaweza kuulizwa tena? Akijibu kwamba hakuna, mmekwisha mjua. Akijibu kwamba wakati haujafika, mwulizeni utajulikanaje ukifika.

Mtapenda kujua mimi mwenyewe nitatia alama yangu wapi. Mwaka 2014 nilisema La. Ikija kura yenye kanuni, na wa upande wa Ndiyo wakanijibu habari ya sarafu na ya mpaka wa kusini kwa hesabu na siyo kwa nyimbo, naelekea kusema Ndiyo. Ikija kura ya kushtukiza, iliyoitishwa kwa hasira za mwaka mmoja, nitasema La tena na sitaona haya. Ndani ya nyumba yangu mna wanaoniona mwoga na mna wanaoniona msaliti, na chakula tunakula pamoja.

Jambo la mwisho ni la kazi. Kila mwaka, majira ya joto yakielekea kwisha, huletwa majumbani barua ya kuhakiki majina ya wapigakura waliomo ndani, nayo mara nyingi nimeiona kwenu imelala dirishani pamoja na matangazo ya piza. Ifungueni muisome. Wenye vibali vya kukaa waandikishwe wote, na wale wa Kongo na Burundi wasirudishwe nyuma na mtu anayedhani sheria ya zamani bado ipo. Na watoto waliotimia miaka 14 waandikishwe nao, kwa maana sheria ya hapa inawaruhusu kutia jina mapema, ingawa kura yenyewe ni ya miaka 16.

Wasalaam, wenu katika heri na ujirani,

Mzee wa Unguja, mkaazi wa Leith, Edinburgh